Ukiuliza "Umeamkaje?", Subiri Jibu

Hii ni hotuba ya muuguzi wa kitengo cha saratani na tiba shufaa, aliyoitoa mbele ya wagonjwa, jamaa zao, wazee wa vijiji na wahamasishaji wa afya ya jamii wa kaunti yetu. Tunaichapisha kwa faida ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kufika.

 

Nilipoingia hapa asubuhi niliwauliza watu wengi, "Umeamkaje?" Wote mlinijibu, "Salama." Hata yule mzee aliyefika hapa akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, akipumzika kila baada ya hatua chache, naye alinijibu, "Salama, binti yangu."

Sikumlaumu. Ndivyo tulivyolelewa. Salamu zetu zinauliza jambo la maana sana: umelalaje, umeamkaje, kumekuchaje kwako. Lakini jibu tumelikariri, na anayeuliza huwa ameshapita kabla hajajibiwa. Leo nataka tuzungumze juu ya swali hilo, kwa sababu kwa mtu mwenye saratani jibu lake la kweli linaweza kuamua kama atamaliza matibabu au atayaacha njiani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilimhudumia mama mmoja wa makamo mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Amenipa ruhusa kulisimulia jambo hili, na mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike. Alikuwa amepangiwa tiba ya miale siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano. Kwao ni mbali, kwa hiyo alikuwa akilala kwa wifi yake karibu na mjini.

Kila asubuhi nilimuuliza, "Mama, umelalaje?" Naye akinijibu, "Nimelala vizuri, sista." Nami nikiandika kwenye faili: analala vizuri. Niliandika hivyo wiki ya kwanza. Nikaandika hivyo wiki ya pili. Wiki ya tatu akakosa kuja siku mbili mfululizo.

Siku mbili ni kidogo kwa mtu anayesubiri fundi, lakini kwa tiba ya miale ni nyingi. Saratani ya mlango wa kizazi inatakiwa itibiwe bila kukatizwa, na matibabu yote ya miale yakamilike ndani ya wiki nane. Yakivutwa kupita hapo, nguvu yake ya kuudhibiti ugonjwa hupungua. Nikapiga simu. Aliyepokea ni wifi yake, akaniambia, "Sista, huyu mtu halali. Usiku anakaa kitandani kama anayengoja gari. Sasa anasema amechoka, anataka kurudi nyumbani, liwalo na liwe."

Alipokuja nilimkalisha, nikamuuliza upya. Safari hii sikumuuliza "umelalaje." Nilimuuliza, "Jana ulipanda kitandani saa ngapi? Uliamka mara ngapi? Ni nini kilichokuamsha?" Hapo ndipo akafunguka, na machozi yakamtoka.

Miale ilikuwa imemletea kuharisha na kwenda haja ndogo mara kwa mara, jambo ambalo hutokea. Choo kilikuwa nje, mbali na nyumba, na gizani. Kila akitaka kutoka alilazimika kufungua mlango wa chuma unaopiga kelele, na aliogopa kuwaamsha wenyeji wake. Basi akaacha kunywa maji kuanzia mchana. Dawa ya maumivu alikuwa akiinywa mchana tu, ili chupa isiishe haraka. Na kila akilala chali alihesabu nauli ya siku zilizobaki. Akaniambia, "Sikutaka kusumbua watu. Wifi ananilaza bure. Nyinyi mna wagonjwa wengi. Nikilalamika mtaniona sina shukrani."

Ndugu zangu, huyu mama hakukosa ujasiri. Alikosa usingizi kwa wiki mbili, na sisi sote tulikuwa tumemzunguka tukimsalimia kila siku.

Sasa tazameni yaliyomsaidia. Wifi yake alinunua ndoo yenye kifuniko, ikawekwa chumbani pamoja na tochi. Sisi tulimpa dawa ya kuharisha, tukamwelekeza anywe maji ya kutosha mchana na ayapunguze jioni, na tukapanga upya saa za dawa ya maumivu ili usiku nao uwe na dozi yake. Akina mama wa chama chake kijijini waligawana siku za nauli zilizobaki, kila mmoja siku mbili. Usiku wa tatu alilala saa tano bila kuamka. Siku zake za miale akazimaliza. Mpaka leo anakuja kliniki ya ukaguzi, na nikimuuliza ameamkaje, ananipa jibu refu!

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu saratani imeingia katika nyumba zetu nyingi. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, yalionyesha kuwa mwaka 2020 pekee Kenya ilipata wagonjwa wapya wapatao 42,000, na watu wapatao 27,000 walifariki. Huzungumza sana juu ya mashine, dawa na gharama, na ni haki tuzizungumzie. Lakini mgonjwa hukaa hospitalini saa chache. Saa zilizobaki anazikaa nyumbani, na zilizo ndefu kuliko zote ni za usiku.

Kukosa usingizi ni jambo la kawaida sana kwa wagonjwa wa saratani, zaidi kuliko kwa watu wengine. Katika tafiti nyingi, kati ya theluthi na zaidi ya nusu ya wagonjwa husema hawalali vizuri. Sababu zake si fikra peke yake. Kuna maumivu. Kuna kichefuchefu. Kuna joto la ghafla na jasho, hasa kwa wanaotumia dawa za homoni kama tamoksifeni. Kuna wanaume wenye saratani ya tezi dume wanaoamka mara nne au tano kwenda msalani. Na kuna dawa ambayo wengi hamwijui kwa ubaya huo: deksamethasoni au prednisoloni, ambazo hutolewa mara nyingi pamoja na kemo. Ni dawa nzuri, lakini ukizimeza jioni zinaweza kukukodolesha macho mpaka alfajiri. Usiziache. Muulize daktari au mfamasia kama unaweza kuzimeza asubuhi.

Halafu juu ya hayo yote kuna hofu. Mchana ina ushindani, kwani watoto wanapiga kelele, redio inasema, jirani anaomba chumvi. Usiku inabaki peke yake na wewe. Je, ugonjwa utarudi? Watoto watasomeshwa na nani? Shamba la kukodisha litaishia wapi?

Na mambo haya yanafuatana kama magurudumu ya mkokoteni. Usipolala, maumivu yanaongezeka ukali. Maumivu yakizidi, moyo unazama. Moyo ukizama, usingizi unakimbia zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuvumilia upasuaji mkubwa, kisha akashindwa na mambo yanayoonekana madogo. Msimwone dhaifu.

Hapa nataka nigusie neno tunalolipenda: jikaze. Tunamwambia mgonjwa, "Jikaze, mama. Jikaze, mzee, wewe ni mwanamume." Tunasema kwa upendo. Lakini anachosikia ni hiki: usituambie. Na mficha uchi hazai. Akishaelewa kwamba tunataka jasiri, atatupa jasiri mchana, na usiku atalia chini ya blanketi.

Ustahimilivu si kukauka machozi. Nimewaona wagonjwa wengi, na walio imara si wale wasiolia. Ni wale wanaoanguka leo, kesho wakainuka, kwa sababu kuna mtu ameshika mkono wa pili. Mtu hazaliwi na akiba yote ya ustahimilivu ndani yake. Sehemu kubwa anaipata kwa watu wake, kila siku kidogo kidogo, kama maji ya mtungi. Mtungi usipojazwa, hata uwe mzuri namna gani, utakauka.

Na hili si la moyoni tu. Kule Marekani kuna utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1976 wa kufuatilia afya ya wauguzi wanawake kwa miaka mingi. Mwaka 2006 watafiti walitoa matokeo ya wauguzi 2,835 kati yao waliopata saratani ya matiti. Waliokuwa wapweke zaidi kabla ya kuugua walikuwa na hatari ya kufariki kubwa zaidi, kwa takriban thuluthi mbili, kuliko wale waliokuwa na watu wengi wa karibu. Sisemi kwamba marafiki wanaponya saratani. Dawa ni dawa. Lakini mwenye watu ana anayemkumbusha siku ya kliniki, anayempikia uji, anayegundua mapema kwamba leo hayuko sawa. Na hao walikuwa wauguzi, watu wanaoijua hospitali. Kama wao waliwahitaji watu, itakuwaje kwa mimi na wewe?

Sasa, usaidizi ni upi? Niseme ukweli, hata kama utauma. Sisi ni hodari wa matanga. Mtu akifa, ndani ya siku tatu kamati imeundwa, hema limekodiwa, ng'ombe amepatikana. Nimeketi na familia iliyochanga pesa nyingi za mazishi, na marehemu alikuwa ameacha kemo kwa kukosa nauli. Sisemi tusizikane kwa heshima. Nasema kamati ianze mapema, mgonjwa akiwa anaweza kutushukuru kwa mdomo wake.

Na kamati hiyo si lazima iwe ya pesa. Mmoja achukue siku za hospitali, amsindikize na kukumbuka aliyosema daktari. Mwingine achukue kuchota maji. Mwingine awapeleke watoto shule siku za kemo. Mwingine akae naye usiku mmoja kwa wiki, ili anayemuuguza naye alale. Usiseme, "Ukihitaji chochote niambie." Hatakwambia. Sema, "Jumanne nitakuja kufua." Halafu uje.

Mkienda kumjulia hali, msikae mpaka achoke. Nusu saa inatosha. Msiende kumi kwa wakati mmoja jioni, saa anayohitaji kupumzika. Na tafadhali, msimsimulie habari za shangazi yenu aliyekuwa na ugonjwa kama huohuo akafa. Wala msimlazimishe aache dawa kwa ajili ya mitishamba aliyoisifu mtu kwenye simu. Kaeni. Sikilizeni. Kimya nacho ni ziara.

Kwa wagonjwa wenyewe, nina maneno machache ya kufanya usiku. Yanatokana na njia ambayo madaktari huipendekeza kwanza kwa watu wanaokosa usingizi kwa muda mrefu, kabla ya vidonge. Ni njia ya kubadilisha mazoea na fikra zinazohusu kulala.

Kwanza, amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ukiweza, kaa kwenye mwanga wa asubuhi, utembee kidogo hata kama ni mpaka langoni.

Pili, ukichoka mchana pumzika, lakini usilale zaidi ya nusu saa, na iwe kabla ya saa tisa.

Tatu, chai ya rangi, kahawa na soda nyeusi ziishe baada ya chakula cha mchana. Miaka yote tumekunywa chai jioni, najua, lakini kilichomo huendelea kukaa mwilini kwa saa nyingi. Miraa na muguka ni wezi wa usingizi wa waziwazi. Pombe nayo inakulaza haraka, kisha inakuamsha saa nane za usiku.

Nne, ukikaa kitandani muda unaokaribia nusu saa bila usingizi, usipigane nao. Inuka kama una nguvu, keti kwenye kiti, fanya jambo la upole, ukisinzia urudi. Kitanda kisigeuke kuwa ofisi ya wasiwasi. Kama huna nguvu za kuinuka, keti tu ukiegemea mto. Na simu iwe mbali. Saa saba za usiku si saa ya kusoma habari za saratani.

Tano, wasiwasi upangie saa yake. Jioni mapema, kaa na mtu unayemwamini, mtaje yanayokusumbua, myaandike kwenye daftari, na mbele ya kila moja mwandike hatua moja ya kesho. Nauli: nitampigia kaka. Fomu ya bima: nitauliza dawati la SHA hospitalini. Jambo lililoandikwa halikuamshi kama lile linalozunguka kichwani.

Sita, maumivu yasisubiriwe. Dawa ya maumivu inywe kwa saa zake kama ulivyoelekezwa, na utuulize kuhusu dozi ya usiku. Wengi wanaogopa mofini, wakidhani ni dawa ya kukata roho au kwamba watakuwa walevi wake. Ikitolewa na daktari kwa maumivu, kwa kipimo, ni dawa ya kumfanya mtu aishi, ale na alale. Lakini msinunue vidonge vya usingizi dukani kwa shauri la rafiki. Vikichanganywa na mofini vinaweza kupunguza pumzi, na mtu akashindwa kuamka.

Na kuna jambo moja lisilosubiri asubuhi. Uliye kwenye kemo, ukiamka na homa ya nyuzi 38 au zaidi, au unatetemeka kwa baridi, nenda hospitali usiku huohuo. Usifunike shuka ukangoja kupambazuke. Kinga ya mwili inaweza kuwa imeshuka sana.

Niwaseme pia mnaouguza. Nyinyi ndio hampo kwenye faili lolote. Hakuna anayeuliza mmelalaje. Mke analala sakafuni miezi mitatu kando ya mumewe, kisha tunashangaa presha imempanda. Omba zamu. Kuomba zamu si kumtupa mgonjwa wako. Aliyelala ndiye atakayekumbuka dawa ya saa kumi na mbili.

Na akina baba, nawasihi. Mwanamume mwenye saratani mara nyingi haulizwi kitu, kwa sababu ameshajibu kwa uso. Wanaume wenzake ndio wanaoweza kumfikia. Mkiwa mnacheza bao au mnangoja matatu, muulize kwa utaratibu. Asipojibu leo, muulize wiki ijayo.

Mtapata wapi msaada? Anzeni na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa vifaa wahamasishaji wapatao 100,000 nchini kote, nao huzunguka nyumba kwa nyumba. Mwambieni ukweli kuhusu usiku wenu kama mnavyomwambia kuhusu presha. Kliniki ya saratani ina wauguzi na washauri. Ulizeni pia tiba shufaa. Wengine wakisikia jina hilo hudhani ni ya wanaokufa tu. Sivyo. Ni huduma ya kupunguza maumivu na mashaka tangu siku ugonjwa unapogunduliwa. Kenya imekuwa nayo tangu Nairobi Hospice ilipoanzishwa mwaka 1990.

Kama kwa wiki mbili au zaidi huoni raha ya jambo lolote, hulali, hutaki chakula wala watu, hiyo si hali ya kuvumilia. Ina matibabu. Na ukiona fikra za kujitoa uhai, au mgonjwa wako akisema ni heri asiwepo, usimwache peke yake. Mleteni hospitalini siku hiyohiyo, au pigeni 1199, simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Ninamaliza. Siwaombi mchango wala fomu. Ninawaomba maswali matatu. Kesho asubuhi, mwendee mtu mmoja unayemjua anaugua. Muulize: Ulilala saa ngapi? Uliamka mara ngapi? Ni nini kilichokuamsha? Kisha unyamaze, uvute kigoda, usubiri. Huenda jibu likawa ndoo na tochi. Huenda likawa nauli ya siku mbili. Huenda likawa jambo usiloweza kulitatua, lakini angalau usiku ujao atajua kuna mtu anayelijua.

Mimi tangu yule mama, siandiki tena kwenye faili "analala vizuri" kabla sijauliza maswali hayo. Na mzee wangu uliyeketi pale mbele, uliyeniambia umeamka salama, ninakuja kuketi karibu nawe sasa hivi. Nataka jibu langu.